Zambarau ikigeuka njano: jani la mlonge na safari yake hadi kwenye kisukari

Ndani ya neli ya kioo kuna kimiminika cha zambarau iliyokolea kama wino. Mtafiti anadondoshea humo mchujo wa majani ya mlonge, anaiweka neli gizani kwa nusu saa, kisha anaitoa. Zambarau imefifia. Mchujo ukiwa mkali, zambarau huondoka kabisa ikabaki njano. Neli inaingizwa kwenye mashine inayopima ni mwanga kiasi gani umenyonywa katika urefu wa mawimbi wa nanomita 517, namba inasomwa, na sentensi inaandikwa: mchujo huu una uwezo mkubwa wa antioksidanti.

Sentensi hiyo ni ya kweli. Taabu huanza inapotoka maabara. Msomaji wa kwanza anaielewa kuwa majani yanaondoa sumu mwilini. Wa pili anasikia kwamba yanashusha sukari. Ikimfikia wa tatu, majani tayari yanatibu kisukari na chupa ya unga wake imeshabandikwa lebo. Huenda hakuna hata mmoja aliyekusudia kudanganya. Kila mmoja ameruka hatua moja tu, na hatua zilizorukwa ndizo zilizobeba kazi yote.

Nimechukua mlonge, Moringa oleifera kwa jina la kitaalamu, kwa kuwa ni miongoni mwa mimea ambayo majani yake yamepita ngazi zote tatu: neli, panya na binadamu. Ila mitego nitakayoieleza ni ileile kwa mwarobaini, kwa mpera, na kwa mmea wowote utakaousoma kesho.

Elektroni isiyo na mwenzake

Elektroni ndani ya molekuli kwa kawaida hukaa mbilimbili. Radikali huru ni molekuli au atomu iliyobaki na elektroni moja pekee, na kwa sababu hiyo humnyang'anya jirani. Jirani aliyenyang'anywa naye hugeuka radikali, akamwendea mwingine, na mnyororo unaendelea hadi mafuta ya utando wa seli, protini au DNA vinaharibika. Antioksidanti ni kitu kinachoweza kutoa elektroni bila chenyewe kuwa mnyang'anyi wa hatari. Vitamini C ni mmojawapo. Majani ya mlonge yanayo, pamoja na kwasetini, kemferoli na asidi ya klorojeni, ambazo ni za ukoo mkubwa wa kemikali za mimea uitwao polifenoli.

Uhusiano wa mambo haya na kisukari haukubuniwa na wauzaji. Glukosi ikizidi ndani ya seli za mishipa ya damu, mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli, hulemewa na kuvujisha radikali iitwayo superoksaidi. Mwaka 2001 mtafiti Michael Brownlee alieleza katika jarida la Nature kwamba uvujaji huo unaweza kuwa shina moja la madhara ambayo kwa macho yanaonekana hayahusiani: upofu, figo kushindwa kazi, ganzi ya miguu. Seli za beta za kongosho, ambazo ndizo zinazotengeneza insulini, nazo zina kinga hafifu dhidi ya radikali. Vimeng'enya vinavyozituliza, kama katalasi, ni vichache mno humo ukilinganisha na ini.

Kwa hiyo wazo la kutafuta antioksidanti kwa ajili ya kisukari lina mashiko. Lakini tazama mpangilio: sukari imetangulia, radikali zimefuata. Kupepea moshi hakuzimi moto. Mchujo unaweza kutuliza radikali na sukari ikabaki juu vilevile. Unaweza pia kushusha sukari bila kugusa radikali hata moja. Hizo ni sifa mbili, na kila moja inataka ushahidi wake. Zikiandikwa pamoja katika kichwa kimoja cha habari, msomaji hudhani moja inathibitisha nyingine.

Hapa nina ugomvi mdogo na lugha yetu ya mitandaoni, inayoziita antioksidanti "viondoa sumu". Jina hilo linatufanya tuzione radikali kama taka, na mwili kama nyumba inayosubiri kufagiliwa. Chembe nyeupe za damu hutumia radikali kuua vimelea. Misuli huzitoa wakati wa mazoezi, na zenyewe ndizo ishara inayouambia mwili ujiimarishe. Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani, akiwemo Michael Ristow, waliwafanyisha vijana wa kiume mazoezi kwa wiki nne. Baadhi yao walipewa vitamini C na E kila siku. Waliofanya mazoezi bila vidonge, miili yao iliitikia insulini vizuri zaidi kuliko mwanzo. Waliomeza vidonge, faida hiyo haikuonekana. Kabla ya hapo, mwaka 1994, utafiti uliofanyika Finland kwa wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 ulikuwa umeonyesha kuwa waliopewa beta-karotini, antioksidanti yenye sifa nzuri siku zote, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Fagio linaweza kubomoa nyumba.

Neli inapima nini hasa

Turudi kwenye ile zambarau. Jina lake ni DPPH, radikali iliyotengenezwa na wanakemia, tulivu kiasi kwamba huuzwa ikiwa unga ndani ya kichupa. Radikali nyingi za mwilini huishi sehemu ndogo sana ya sekunde. Hii hukaa kabatini. Haipatikani katika mwili wa kiumbe chochote. Mara nyingi huyeyushwa katika methanoli, ambayo ni sumu kwa binadamu, na inapopokea elektroni hupoteza rangi. Kipimo kizima ni hicho. Kinajibu swali moja: je, ndani ya mchujo huu kuna vitu vinavyotoa elektroni kwa urahisi?

Jibu kwa karibu jani lolote la kijani ni ndiyo. Majani hushinda juani, na jua huzalisha radikali ndani yake. Mmea usio na kinga ungeungua. Chai hufaulu kipimo hiki. Divai nyekundu hufaulu. Kufaulu kwa mlonge basi si habari ya kushangaza. Kinachoweza kuwa habari ni kiasi, na ndiyo maana ripoti hutaja IC50, yaani ukolezi wa mchujo unaotosha kuondoa nusu ya rangi. Namba ikiwa ndogo, mchujo una nguvu zaidi. Kipimo kingine kinachoandamana nacho, cha Folin-Ciocalteu, hudaiwa kuhesabu polifenoli zote, lakini nacho hupima utoaji wa elektroni tu. Vitamini C ikiwamo, nayo inahesabiwa kana kwamba ni polifenoli.

Wizara ya Kilimo ya Marekani iliwahi kuchapisha orodha ndefu ya vyakula na alama zake za antioksidanti, kwa kipimo cha aina hii kiitwacho ORAC. Mwaka 2012 iliifuta kwenye tovuti yake. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba alama hizo hazielezi athari ya vyakula katika afya ya binadamu, na kwamba watengenezaji wa bidhaa walikuwa wakizitumia vibaya katika matangazo.

Kuna jambo moja zaidi ambalo neli haiwezi kuliona, nalo ni tumbo. Kwasetini ikimezwa, kiasi kikubwa hakinyonywi. Kinachonyonywa hubadilishwa na ukuta wa utumbo na ini kabla ya kuachiwa kwenye damu, kikawa kitu kingine chenye tabia nyingine. Ukolezi unaofika kwenye seli za kongosho ni mdogo sana kuliko ule uliofifisha zambarau.

Vimeng'enya na mshindani aliyefungwa miguu

Kipimo cha pili kinakaribia kisukari zaidi, na kwa maoni yangu ndicho chenye mantiki nzuri kuliko vyote vya kwenye neli. Wanga tunaokula ni minyororo mirefu ya glukosi. Kimeng'enya cha amilasi, kilichomo kwenye mate na kwenye majimaji ya kongosho, huikatakata kuwa vipande. Kingine, alfa-glukosidasi, hukaa kwenye ukuta wa utumbo mwembamba na kumalizia vipande hivyo hadi glukosi mojamoja, tayari kuingia kwenye damu. Ukivizuia vimeng'enya hivi kidogo, sukari haipandi kwa ghafla baada ya mlo. Dawa ya akabosi, iliyotokana na bakteria wa kundi la Actinoplanes, hufanya kazi hivyo. Uzuri wake ni kwamba mchujo wenye uwezo huu hauhitaji kunyonywa. Kazi yake iko ndani ya utumbo, na unaikuta pale unapopita.

Ndiyo maana watafiti hupima mchujo wa majani sambamba na akabosi. Na mara nyingi utasoma kwamba jani limeishinda akabosi. Kabla ya kushangilia, tafuta mstari unaosema kimeng'enya kilitoka wapi. Alfa-glukosidasi inayouzwa kwa bei nafuu hutokana na hamira. Ile ya hamira na ile ya utumbo wa mamalia zina jina moja, lakini si za ukoo mmoja. Akabosi, ambayo huikaba sawasawa ile ya utumbo, karibu haiigusi ile ya hamira. Kuishinda akabosi hapo ni kumshinda mbio mtu aliyefungwa miguu. Utafiti uliotumia kimeng'enya cha utumbo wa panya, sembuse cha binadamu, una uzito mwingine kabisa, hata kama namba zake hazipendezi kama zile za hamira.

Mtego mwingine ni tanini. Ukitafuna jani bichi ukasikia ukakasi, ulimi ukawa kama umekauka, hizo ni tanini zinazoshikamana na protini za mate yako. Tanini hazichagui protini. Hushika iliyo karibu. Kimeng'enya nacho ni protini. Kwenye neli, tanini zitakishika na kukizimisha, na kipimo kitasema mchujo una nguvu. Kwenye utumbo uliojaa chakula zitakutana kwanza na protini za mlo, na kimeng'enya kikaachwa kiendelee na shughuli zake. Mtafiti makini huziondoa tanini kwanza kisha akapima upya, au huongeza protini nyingine kwenye neli aone kama nguvu ya mchujo inabaki.

Panya

Ngazi inayofuata ni mnyama, na hapa ndipo sifa mbili za mwanzo, antioksidanti na sukari, zinapochanganyikana kwa namna inayoweza kumpotosha hata msomaji mzoefu.

Panya wa maabara hawapati kisukari kwa kusubiri. Hupewa sumu inayoua seli za beta, na zilizozoeleka ni mbili. Aloksani ilijulikana kuwa na tabia hiyo tangu 1943. Streptozotosini hutoka kwa bakteria aitwaye Streptomyces achromogenes. Zote mbili zinafanana na glukosi kiasi cha kupita kwenye mlango uleule wa seli za beta, unaojulikana kama GLUT2, kisha zinaharibu kutoka ndani. Streptozotosini huishambulia zaidi DNA. Aloksani huua kwa kuzalisha radikali huru.

Rudia sentensi hiyo ya mwisho. Sumu inaua kwa radikali. Ukimpa panya antioksidanti yoyote kabla ya aloksani, au kwa wakati mmoja nayo, unaweza kuwa umeituliza sumu yenyewe. Seli za beta zitabaki nyingi, sukari itakuwa chini, na chati itapendeza. Lakini umeonyesha kinga dhidi ya aloksani, kitu ambacho hakuna mgonjwa wa kisukari aliyewahi kukimeza. Kwa hiyo swali la kwanza kwa utafiti wa panya ni la saa na siku: mchujo ulianza kutolewa kabla ya sumu, au baada ya kisukari kuthibitika? Jibu hilo hukaa katika sehemu ya mbinu, pale ambapo wasomaji wengi huruka.

Tena panya aliyeharibiwa seli za beta anafanana zaidi na mgonjwa wa kisukari aina ya kwanza, ambaye hana insulini. Wagonjwa wengi duniani wana aina ya pili: insulini ipo, walau miaka ya mwanzo, ila mwili hauiitikii ipasavyo. Kuna njia za kuikaribia hali hiyo, kama kumlisha panya mafuta mengi kwa wiki kadhaa kisha kumpa streptozotosini kidogo, na tafiti zinazofanya hivyo zinastahili kusomwa kwa utulivu zaidi.

Halafu kuna dozi. Tafiti za panya hupenda miligramu 200 hadi 400 za mchujo mkavu kwa kila kilo ya mwili. Tuchukue 400. Mwili wa panya huendesha mambo haraka kuliko wetu, kwa hiyo wafamasia hugawa dozi ya panya kwa takriban 6.2 kupata ya binadamu: kama miligramu 65 kwa kilo. Mtu wa kilo 70 atahitaji gramu 4.5 za mchujo mkavu kwa siku. Mchujo si jani. Ni kile kilichobaki baada ya majani kulowekwa, kuchujwa na kimiminika kukaushwa. Tuseme gramu 100 za majani makavu zimetoa gramu 15. Basi gramu 4.5 zinataka gramu 30 za majani makavu, kila siku, bila kukosa. Kijiko kimoja cha unga kwenye uji hakifiki hata karibu.

Na kama mchujo ulikamuliwa kwa methanoli, hesabu yenyewe inayumba, maana methanoli na maji hazivuti vitu vilevile kutoka kwenye jani. Anayechemsha majani nyumbani anatengeneza kitu tofauti na kile alichomezeshwa panya, tena moto umeshapunguza vitamini C.

Watu

Kwa binadamu, mlonge una tafiti chache na ndogo, lakini zipo na zinasomeka. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa Thailand kwa wagonjwa 32 wa kisukari aina ya pili ambao walikuwa hawajaanza dawa. Nusu walipewa vidonge vya unga wa majani, gramu 8 kwa siku, na nusu vidonge vitupu, kwa wiki nne. Sukari ya kabla ya kula haikutofautiana kati ya makundi, wala HbA1c. Kuhusu HbA1c ni haki kuutetea mlonge kidogo: kipimo hicho huangalia sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, nazo huishi kama siku 120. Wiki nne ni mapema kukitegemea. Kwa sukari ya kabla ya kula utetezi huo haufai.

Mwaka 2021 ukaja mwingine, wa Hispania, kwa watu ambao sukari yao ilikuwa imepanda bila kufikia kiwango cha ugonjwa. Walimeza gramu 2.4 za unga wa majani kwa siku, kwa wiki 12. Safari hii sukari ya kabla ya kula na HbA1c vilikwenda vizuri kidogo kwa waliopewa mlonge kuliko kwa waliopewa vidonge vitupu. Kidogo, na kwa watu ambao hawajaugua. Nikilazimishwa kusema ninavyouona ushahidi wote: kuna kitu huenda kipo kwenye jani hili kwa mtu aliye ukingoni mwa kisukari, na hakuna kinachotosha kumwambia mgonjwa apunguze dawa hata nusu kidonge.

Jambo hilo lina sura mbili za hatari. Mwenye kisukari aina ya kwanza akiacha insulini kwa sababu ya jani lolote, damu yake inaweza kujaa asidi ndani ya siku chache, na hali hiyo huua. Mwenye aina ya pili anayetumia glibenklamidi, yaani vidonge vya kushusha sukari, au insulini, akiongeza mchujo ambao kweli unafanya kazi, sukari yake inaweza kushuka kupita kiasi: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, kuzimia. Anayeutumia mlonge afadhali amwambie daktari wake na kuongeza idadi ya mara anazojipima, hasa wiki za mwanzo na kila anapobadili dozi.

Na unga ukishusha sukari haraka mno, ushukiwe. Mimea iliyochunguzwa vizuri huonyesha athari ndogo na za polepole. Mwaka 2008 Singapore ilipokea hospitalini watu wengi wasio na kisukari, sukari zao zikiwa zimeporomoka. Walikuwa wamemeza bidhaa za kuongeza nguvu za kiume, nyingine zikiuzwa kama za mitishamba, na ndani yake mlikuwa na glibenklamidi. Baadhi yao walikufa.

Mmea mmoja uliofika

Kuna mmea uliopanda ngazi hizi hadi juu, nao hauuzwi ukiwa unga wa majani. Galega officinalis ni wa jamii ya kunde, wenye maua ya zambarau isiyokolea, na ulitumika kwa dawa huko Ulaya kwa karne nyingi. Kondoo wakiula kwa wingi hufa. Ndani yake wanakemia walikuta galegini, kitu kinachoshusha sukari kweli, na walipokijaribu kwa wagonjwa katika miaka ya 1920 kikaonekana kina sumu mno kutumika. Mwaka 1922, mjini Dublin, Emil Werner na James Bell walitengeneza kemikali ya jamii inayokaribiana na galegini, ambayo haikupewa uzito kwa miaka mingi. Daktari wa Kifaransa Jean Sterne aliipa wagonjwa wa kisukari na kuchapisha matokeo mwaka 1957. Ndiyo metformini, ambayo Marekani iliiruhusu mwaka 1994 na ambayo leo mamilioni ya watu wenye kisukari aina ya pili huanza nayo.

Hakuna aliyeichagua kwa kuangalia rangi. Marsden Blois alichapisha namna ya kupima antioksidanti kwa DPPH mwaka 1958, na wakati huo wagonjwa wa Sterne walikuwa tayari wanameza vidonge vyao.